Sina Mawazo: Miaka Yangu ya Kuazimisha Vitabu Nachingwea na Ruangwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa cha vumbi na kukatazwa kufungua kitabu chochote mpaka saa nane mchana. Aliyenikataza alikuwa Mkutubi wa Wilaya, mama mnene ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi upande wa sikio la kulia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na barua yangu ya kuomba kazi ilikuwa na majina ya vitabu mengi kuliko maelezo ya masomo yangu.

"Wewe ni msomaji," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi umeniletea matatizo. Kumwajiri msomaji maktaba ni sawasawa na kumwajiri mlevi kilabuni. Utainywa bidhaa."

Hakucheka, nami sikujua kama nilipaswa kucheka. Nilipangusa rafu zote za chumba cha mbele. Maktaba ya Nachingwea wakati ule, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, ilikuwa ndani ya nyumba ya zamani iliyobaki tangu enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Paa lake la bati lilipata moto mchana mpaka gundi ya vitabu ikawa inanukia. Harufu ile naikumbuka kuliko sura za watu wengi niliofanya nao kazi.

Vijana wanaosoma haya huenda hawajui jinsi kitabu kilivyokuwa kikifika mkononi mwa msomaji. Kitabu kipya hakikwenda rafuni moja kwa moja. Kwanza kiliandikwa kwenye leja ya usajili na kupewa namba ambayo haikupewa kitabu kingine tena, hata hicho kikipotea. Halafu kiligongwa muhuri mara tatu: ukurasa wa jina, ukurasa wa mwisho, na ukurasa wa siri. Kila maktaba ilichagua ukurasa wake wa siri, ili mwizi akichana kurasa zenye muhuri asijue kwamba umebaki mmoja ndani. Wa kwetu sitautaja, ni mazoea tu. Baada ya hapo kilibandikwa mfuko wa karatasi ndani ya jalada la nyuma, ndani ya mfuko ikaingia kadi yenye jina la kitabu, na mkabala na mfuko ikabandikwa karatasi ya tarehe. Msomaji akiazima, kadi ilitolewa na kusimamishwa kwenye trei pamoja na tiketi ya uanachama wake, na tarehe ya kurudisha ikagongwa kwenye ile karatasi. Mtu aliyeijua kazi aliweza kuitazama karatasi ya tarehe jinsi nesi anavyotazama chati ya homa. Aliona kitabu kilipopendwa, kilipopoa, na kilipokufa.

Mkutubi wa Wilaya alikuwa sahihi, niliinywa bidhaa. Kwa miaka miwili nilisoma kwa kufuata namba za rafu, kushoto kwenda kulia. Nilisoma ufugaji wa nyuki nikiwa sina mzinga. Nilisoma sheria za ardhi nikiwa napanga chumba kimoja karibu na soko. Nilisoma riwaya zote, na zile nilizozipenda nilizificha nyuma ya makabrasha ya kilimo ili zisiazimwe. Hilo ni kosa la kazi na nalikiri. Jioni nikirudi nyumbani nilitembea polepole, nikijisimulia upya nilichosoma. Sijawahi kuwa na furaha nyingine ya namna hiyo, na laiti ningejua kwamba ilikuwa na mwisho ningeenda polepole zaidi.

Ugonjwa ulinianza mwaka wa tatu wa kazi. Sikuwa nimefiwa, sikuwa nimeachwa na mtu, sikuwa na ugomvi na yeyote. Asubuhi moja nilifungua kitabu nilichokuwa nimekifikisha katikati, nikasoma mstari, nikafika mwisho wake na kukuta sina kitu. Nikaurudia. Maneno niliyajua yote, lakini hayakushikana. Nilidhani ni usingizi. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na wiki iliyofuata, na baada ya miezi miwili sikuweza kumaliza hata tangazo la ukutani. Mwili nao ukawa mzito. Kunyanyua mkono kugonga muhuri kulinichosha kama kulima. Nililala saa kumi na mbili nzima na kuamka nimechoka. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi.

Mkutubi wa Wilaya aliniona nimeshika kitabu kimoja kwa siku nne, ukurasa uleule.

"Kijana, unakisoma au unakipasha joto?"

"Nakisoma, mama."

"Ukurasa wa arobaini na moja tangu Jumatatu. Una nini wewe?"

Akaandika barua fupi nyumbani kwetu Chunyu. Kwetu, kama ilivyo kwa Wamwera wengi, mtoto ni wa mjomba. Kwa hiyo baba hakuja, alikuja mjomba, kaka wa mama yangu. Aliendesha baiskeli kutoka shambani huku mabega yake yakiwa bado na unga wa salfa ya kupulizia mikorosho. Alikaa kwenye kitanda changu akatazama vitabu vilivyopangwa ukutani. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la pili.

"Hivi vyote umevimaliza?"

"Karibu vyote, mjomba."

"Ndiyo hivyo basi. Kichwa cha mtu kina kipimo chake. Wewe umejaza mpaka umepitiliza, sasa vinakuozea humo ndani." Akanyanyuka, akaanza kuvipanga kwenye gunia la korosho. "Kuanzia leo kusoma basi. Kazi fanya, muhuri gonga, lakini kusoma, mpaka mimi nitakaposema. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Alishangaa kwamba sikubisha. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, nadhani hata alikuwa na hotuba. Kilichoniumiza si kule kukatazwa, ni wepesi wa kukubali. Niliachia kitu nilichokipenda kuliko vyote kama mtu anayeachia mpini wa jembe jua likizama, kwa sababu hakikuwa kikinipa chochote tena. Alifunga gunia lile nyuma ya baiskeli, akaondoka nalo.

Mama hakuridhika na dawa hiyo peke yake. Alinipeleka zahanati moja iliyokuwa njiani kuelekea Mnero, tukapanga foleni asubuhi nzima na wagonjwa wa homa. Nataka nieleze vizuri kilichotokea pale, maana kilinigharimu miaka.

Kwa lugha yetu, mtu akiwa katika hali niliyokuwa nayo husemwa kwamba ana mawazo. "Fulani ana mawazo siku hizi" ndiyo namna ya kusema kwamba moyo wake umelemewa. Tabibu alikuwa kijana mpole, amechoka.

"Unalala?"

"Nalala sana."

"Unakula?"

"Kidogo."

"Una mawazo?"

Nilitafakari swali hilo kwa uaminifu, kama msomaji anavyotafakari neno. Nilitazama ndani ya kichwa changu na kukuta ni chumba kitupu kilichofagiliwa. Kuwaza ndiko kulikokuwa kumenishinda. Ningetoa chochote niwe na wazo moja, hata la huzuni.

"Sina mawazo," nikajibu.

"Una uhakika? Hakuna kinachokusumbua akilini?"

"Hakuna kitu."

"Hana mawazo," alimwambia mama yangu, akaandika. "Ni malaria iliyojificha, na damu kidogo." Tukarudi na vidonge vya malaria na vya kuongeza damu. Njiani mama alikuwa na furaha. "Nilijua," alisema. "Mwanangu hana mawazo. Kumbe ni malaria tu."

Miaka iliyofuata, kila aliyeniuliza nilimjibu vilevile, na kila mmoja aliondoka ameridhika.

Mkutubi wa Wilaya alistaafu. Aliyemfuata hakutaka msaidizi asiyechangamka, nami nikapelekwa Ruangwa kufungua chumba cha kusomea. Ruangwa ilikuwa imekuwa wilaya karibuni na watu walikuwa wakijenga. Nilipewa chumba chenye madirisha mawili, rafu tatu, meza, trei, muhuri, na makasha ya vitabu vilivyoazimwa kutoka Nachingwea. Mkuu wangu sasa alikuwa Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima, mwanamume mwenye haraka aliyezungumza akiwa amesimama mlangoni.

"Mimi sina muda wa kuhesabu vitabu," aliniambia siku ya kwanza. "Kila mwisho wa mwezi nataka ripoti. Nione watu wanaazima. Wasipoazima, chumba hiki kuna wanaokitaka."

Nikiwa peke yangu, ugonjwa ulinimeza. Kulikuwa na siku nilizofungua mlango saa nne badala ya saa mbili, kisha siku nilizofungua mchana, kisha siku ambazo sikufungua kabisa. Nililala sakafuni nyuma ya rafu, ufunguo ukiwa ndani ya kitasa, nikisikia watu wakigonga na kuondoka. Niliona kwamba nisingekuwepo isingekuwa hasara kwa mtu. Sikuliona wazo hilo kuwa la kutisha, na sasa najua hapo ndipo palikuwa pa kuogopa.

Mwisho wa mwezi ulipofika nilifanya jambo ambalo mtu wa fani yangu hapaswi kulifanya. Nilitoa vitabu rafuni kimoja kimoja, nikarudisha nyuma tarehe za muhuri, nikagonga kwenye karatasi za tarehe kana kwamba vilikuwa vimeazimwa na kurudi. Niligonga mchana kutwa. Ofisa aliisoma ripoti, akasema, "Unaona? Watu wanapenda kusoma." Nikaendelea hivyo miezi mingi. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kugonga mihuri mingi kama nilipokuwa siazimishi chochote.

Aliyenikamata alikuwa Mwalimu Zuhura, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nkowe. Alikuwa na miaka kama arobaini, na alikuja mjini kwa baiskeli ya kiume huku khanga ameifunga juu ya suruali, jambo lililowafanya wanaume wa pale stendi wamuulize kama amekuja kunadi ng'ombe. Aliwajibu kwamba anatafuta fahali na hapo haoni. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi. Alichukua kitabu, akafungua nyuma, akatazama karatasi ya tarehe kwa muda.

"Bwana maktaba, njoo uone. Hapa imeandikwa kitabu kilirudi Alhamisi iliyopita."

"Ndiyo, mwalimu."

"Alhamisi iliyopita nilikuwa hapo mlangoni. Nimegonga mpaka mkono ukauma. Na Alhamisi ya kabla yake." Alichukua kingine, na kingine. "Vyote hivi vina wino wa siku moja. Mimi nasahihisha madaftari, bwana. Mtoto akinakili kazi zote jioni moja namjua kwa wino."

Nilingoja aseme kwamba atakwenda kwa Ofisa. Angefanya hivyo kazi ingekuwa imekwisha, na zaidi ya kazi nisingekuwa na sababu ya kuamka. Yeye akavuta kiti.

"Wewe mwenyewe unavisoma?"

"Hapana."

"Hutaki, au huwezi?"

Katika miaka ile yote hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikasema, "Siwezi. Maneno hayashikani." Na kwa kuwa nilizoea, nikaongeza, "Lakini sina mawazo."

"Marehemu dada yangu alikuwa anasema hivyo hivyo. Aliacha kupika. Tunamuuliza, una mawazo gani, dada? Anasema sina hata wazo la chumvi. Sisi tukacheka. Tukasema, kama hana mawazo basi ni uvivu. Tukawa tunamsubiri aseme kinachomsumbua." Alifunga kitabu. "Hakuwahi kusema. Tulimzika mwezi wa Ramadhani."

Hakunieleza alikufaje, nami sikuuliza.

Nilimweleza kuhusu mjomba na gunia. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza. "Mjomba alikukataza kusoma. Kusikiliza hakukataza. Jumamosi nakuja, nitasoma mimi. Na wewe ufungue huo mlango, nisije nikaendesha baiskeli toka Nkowe kuja kuusomea ubao."

Akawa anakuja. Alichagua riwaya nene iliyopoteza jalada na kurasa za mwanzo, hata jina lake hatukulijua. Kwenye leja pia hakuna aliyeandika jina, ilikuwa na namba tu. Alisoma ukurasa mmoja, wakati mwingine miwili, kwa sauti ya darasani, akininyooshea kidole nilipotazama dirishani. Baada ya kila ukurasa aliniuliza nani amefanya nini. Mwanzoni sikukumbuka. Alisoma tena. Sikupona, na nisingependa msomaji afikirie hivyo. Lakini Jumamosi nilifungua mlango, na kwa kuwa nilijua Jumamosi nitafungua, Ijumaa nilioga. Kila alipomaliza niligonga tarehe ya siku hiyo. Ofisa alipokuja kuchukua ripoti ya mwezi wetu wa kwanza wa kusoma, ilikuwa na kitabu kimoja tu.

"Hii nini?" aliuliza.

"Ndiyo ukweli, mzee."

"Nani amekuomba ukweli? Nimekuomba ripoti."

Mwaka haukuisha Mwalimu Zuhura akapata uhamisho kwenda Liwale. Tulikuwa hatujafika hata katikati ya riwaya. Siku ya mwisho alinikabidhi kitabu mkononi. "Sasa ni zamu yako, bwana maktaba. Ukikwama, soma kwa sauti. Watu wakikucheka waambie unafanya mazoezi ya ukasisi."

Nikaenda Chunyu kumwomba mjomba anifungulie. Alikuwa chini ya mkorosho akiokota. Alinitazama, akaniambia nigeuke, kama mtu anayetazama mbuzi mnadani.

"Umekaa bila vitabu miaka mingapi?"

"Minne, mjomba."

"Na uko vilevile."

"Niko vilevile."

"Basi soma. Naona vitabu nilivionea tu."

Nilirudi Ruangwa na ruhusa hiyo. Kwa miaka minne nilikuwa na pa kujificha. Nikiulizwa kwa nini sisomi ningeweza kusema nimekatazwa. Sasa nilifunga mlango, nikafungua ile riwaya pale alipoachia Mwalimu Zuhura, nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Sauti yangu ilitoka, maneno yakatoka, nikafika mwisho wa ukurasa na sikujua nani amefanya nini. Nikarudia mara sita. Hakuwepo wa kuniuliza. Niliweka kipande cha uzi pale nilipofika, na riwaya sikuifungua tena.

Chumba cha Ruangwa kilifungwa miaka ya elfu mbili ilipoanza, wakapewa watu wa kuuza mbegu. Nilirudishwa Nachingwea kwa kazi ya kufuta vitabu. Kufuta ni utaratibu wa kuondoa kitabu kilicholiwa na mchwa au kilichopitwa na wakati: kinagongwa muhuri wa kufutwa, namba yake inakatwa mstari mwekundu kwenye leja, kisha kinachomwa mbele ya shahidi. Riwaya isiyo na jalada ilikuwa katika kasha la kwanza. Kwa utaratibu ilistahili kufutwa, na niliifuta mimi mwenyewe, uzi ukiwa ndani. Shahidi wangu, karani wa halmashauri, aliuliza kama hadithi yake ni nzuri. Nilimwambia sijui inavyoisha. Miezi michache baadaye na mimi nikapunguzwa kazini.

Tangu hapo nimehamahama. Nimekuwa Masasi, Tunduru, Newala, nikipima korosho, nikilinda maghala, sikai mahali zaidi ya misimu miwili. Mtwara daktari mmoja wa kike alinieleza kwamba ugonjwa wangu una jina, sonona, na kwamba wengi wenye ugonjwa huo hawana wanachokiwaza. Alinipa vidonge. Vimenisaidia kuamka, na kuamka si jambo dogo. Vitabu havijarudi kama vilivyokuwa.

Nina miaka arobaini na kitu, umri ambao wenzangu niliosoma nao ndiyo kwanza wanapandishwa vyeo, na mimi naandika kama mstaafu. Kijana uliyeajiriwa maktaba, gundi na muhuri utafundishwa, na siku hizi nasikia kuna kompyuta. Mimi naweza kukuachia jambo moja. Utamwona msomaji wako, au mwenzako wa mezani, amekaa na ukurasa mmoja wiki nzima. Usimuulize ana mawazo gani. Vuta kiti umsomee, na mwambie utarudi lini.

Mimi nina kitabu kimoja chumbani, nilikinunua mnadani. Nasoma kwa sauti, ukurasa kwa siku, kisha najiuliza nani amefanya nini. Siku nikiweza kujibu nageuza. Nisipoweza nabaki palepale mpaka kesho. Nimekuwa nacho mwaka wa tatu huu na niko ukurasa wa themanini na sita. Jana sikuweza. Leo bado sijajaribu.